Kunguni au Kiroboto? Hakikisha Kabla ya Kumtuhumu Mgeni



Tangu Oktoba 2017 familia nyingi za Mocímboa da Praia na Palma zimehama, zikapokewa na jamaa, na baadhi zimesharudi. Godoro na mkeka huhama pamoja na watu. Mwenyeji akiamka na vipele, lawama humwangukia mgeni: "Ametuletea kunguni." Maneno hayo huvunja udugu, na huenda aliyeuma ni kiroboto wa humo humo ndani.

Kunguni ni bapa, rangi ya kahawia iliyoiva, urefu karibu milimita 5. Haruki, hutambaa. Mchana hujificha kwenye mishono ya godoro, nyufa za mbao na mafundo ya kitanda cha kamba. Usiku huuma mikono, shingo na mgongo, mara nyingi kwa mstari, na huacha vidoa vyeusi kwenye shuka.

Kiroboto ni mdogo zaidi, milimita 2 hadi 3, mwembamba ubavuni, tena huruka. Hutoka kwa paka, mbwa na panya, na mayai yake huangukia vumbi la sakafuni. Huuma zaidi miguuni, chini ya goti, hata mchana. Vaa soksi nyeupe utembee chumbani, wakikurukia utawaona.

Dawa nazo hutofautiana. Kwa kunguni, fua shuka kwa maji ya moto, kagua mishono, mwagia maji ya moto kwenye nyufa na kamba, kisha rudia baada ya siku chache, maana mayai huanguliwa. Kwa kiroboto, fagia kila siku, anika mikeka, tibu paka na ondoa panya. Viroboto wa panya ndio wanaoeneza tauni, basi tusiwadharau.

Je, kidoa cha damu kwenye kanzu kinabatilisha swala? Katika madhehebu yetu ya Shafii, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba damu ya viroboto imesamehewa, na wanazuoni wameiunganisha na ya kunguni, kwa kuwa ni vigumu kujiepusha nayo. Basi usiache jamaa kwa ajili ya kidoa hicho.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, inatukataza dhana mbaya. Tukague godoro kwanza, ndipo tuseme.

Wallahu aalam.