Malenia au Isshin: nani mgumu zaidi?

Swali: Kaka yangu anashikilia kwamba Malenia wa Elden Ring ndiye bosi mgumu kuliko wote katika michezo ya video ya FromSoftware. Mimi nasema ni Isshin wa Sekiro. Tupime vipi?

Jibu: Anzeni kwa kuulizana kila mmoja alipigana akiwa na nini. Elden Ring (2022) inakuruhusu kuondoka, ukaongeza nguvu, ukabadili silaha, hata ukaita mzimu akusaidie. Malenia wa aliyeita mzimu wa Mimic Tear si Malenia wa aliyeingia peke yake. Sekiro (2019) haina njia hiyo ya kuita msaada; wote mnamkabili Isshin kwa upanga uleule.

Mimi hutazama zaidi kosa linavyoadhibiwa. Malenia hujirudishia uhai kila pigo lake linapokupata, hata ukikinga kwa ngao, hivyo kuteleza kidogo kunafuta jasho la dakika nzima. Na ule mfululizo wake wa mapigo anaouanzia hewani hauonyeshi wazi ukwepwe vipi. Hapo naona watunzi walizidisha. Isshin ni mkali, lakini mapigo yake yanasomeka.

Kama kaka yako alipigana bila msaada, ameshinda ubishi. Ila pambano zuri zaidi ni la Isshin.