Kompyuta kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi

Swali: Daktari, nyinyi mmesoma miaka mingi. Kompyuta ya nini tena?

Jibu: Elimu tunayo, mambo ndiyo mengi. Mgonjwa mmoja tu ana mashine ya kupumulia, pampu kadhaa za dawa, na majibu ya damu yanayoingia usiku na mchana. Ikifika saa tisa usiku, hata muuguzi hodari anaweza kuruka hatua.

Swali: Kwa mfano?

Jibu: Pumzi. Mapafu yakijaa maji, sehemu inayopitisha hewa hubaki ndogo, na ukiisukumia hewa nyingi unaiumiza. Mwaka 2000, utafiti wa Marekani kwa wagonjwa 861 ulionyesha kuwa kati ya waliopewa mililita 6 za hewa kwa kila kilo katika kila pumzi walifariki asilimia 31. Kwa waliopewa 12, karibu asilimia 40. Lakini kilo zipi? Si za mizani! Mtu akinenepa mapafu hayanenepi; yanafuata urefu wake. Chukua mama wa sentimita 160 mwenye kilo 90. Kwa mizani utampa mililita 540. Kwa urefu wake anahesabiwa kilo 52 na ushei, kwa hiyo anastahili kama 315. Kompyuta hupiga hesabu hiyo papo hapo, na mashine ikiwekwa 540 inamwonya muuguzi.

Swali: Basi ndiyo inayoamua?

Jibu: Hapana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika hospitali ya LDS mjini Salt Lake City, Dk. Alan Morris na wenzake waliingiza kwenye kompyuta hatua za kuendesha mashine ya kupumulia. Kompyuta ilielekeza, ila mhudumu aliweza kukataa. Ninalolipenda zaidi ni hili: sababu za kukataa zilisaidia kurekebisha maelekezo yenyewe.

Swali: Na kompyuta hukosea?

Jibu: Ukiilisha makosa, itakurudishia makosa. Urefu wa kukisia kwa macho unaharibu kila kitu. Nawaambia wauguzi wangu: chukueni futi, mgonjwa alale chali, mpimeni kutoka utosini hadi kisiginoni. Halafu kuna kelele. Kompyuta ikilia kwa kila jambo dogo, watu huizima bila kusoma.

Swali: Na hospitali isiyo na mfumo huo?

Jibu: Bandikeni jedwali la urefu na mililita kwenye mashine ya kupumulia. Futi ining'inie hapo hapo.