Agrippina Mdogo na Suala la Ushahidi

Agrippina Mdogo (15-59 BK) alikuwa dada yake Kaizari Caligula, mke wa Kaizari Claudius na mama mzazi wa Nero, ambaye ndiye aliyeamuru auawe. Tacitus, Suetonius na Cassius Dio, ambao wote waliandika baada ya kifo chake, wanamsawiri kuwa mwanamke mwenye uchu wa madaraka. Hata hivyo, Agrippina mwenyewe aliandika kumbukumbu za maisha yake na masaibu ya jamaa zake. Kitabu hicho kimepotea. Tacitus anakitaja anaposimulia jinsi mama wa mwandishi huyo, mjane wa Germanicus, alivyomlilia Tiberius ampatie mume. Kwa hiyo, mhakiki anayemhukumu Agrippina kwa maandishi yaliyosalia anasikiliza upande mmoja tu wa shauri.