Nani Anaumia? Sarufi ya Silaha za Kujitungia katika Mchezo wa Kuigiza

Mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika hauhitaji vitu vingi. Kuna msimulizi anayeeleza mahali na hatari, kuna wachezaji ambao kila mmoja anabeba mhusika wake, kuna dadu, kalamu na karatasi. Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua njia kwa michezo mingine ya aina hii, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mashujaa wake hupambana na mazimwi na wachawi kwa silaha zilizoorodheshwa kitabuni, lakini wachezaji wengi hupenda kutunga silaha zao wenyewe. Sisi wachache tunaocheza hapa Goma tuna sababu ya ziada: vitabu tunavyovipata vimeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, nasi mezani tunaongea Kiswahili.

Makala haya ni somo fupi la kutunga silaha kwa ajili ya meza kama hiyo. Hoja yangu ni moja: silaha ya mchezo ni sentensi. Haina makali wala uzito nje ya maneno yanayosema inafanya nini, lini, na kwa gharama gani. Anayeitunga anafanya kazi ya isimu, na kosa la sarufi linaweza kumwangusha mhusika ambaye hakupaswa kuanguka.

1. Hesabu kwanza

Kila mhusika ana pointi za uhai. Silaha ikimpata, dadu hurushwa ili kujua amepoteza pointi ngapi. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, jambia hutumia dadu ya nyuso 4, mkuki nyuso 6, upanga mrefu nyuso 8, na shoka kubwa nyuso 12. Upanga mkubwa wa mikono miwili hutumia dadu mbili za nyuso 6. Ili kupata wastani wa dadu moja, jumlisha 1 na idadi ya nyuso, kisha gawanya kwa 2. Jambia lina wastani wa 2.5, mkuki 3.5, upanga mrefu 4.5, shoka kubwa 6.5.

Upanga mkubwa una wastani wa 7, karibu sawa na shoka. Hata hivyo silaha hizi mbili hazifanani. Kwa shoka, 1 na 12 zina nafasi sawa, moja katika 12 kila moja. Kwa dadu mbili, 7 hutokea mara 6 katika 36, na 12 mara moja tu katika 36. Shoka ni la mtu wa kubahatisha. Upanga mkubwa ni wa mtu wa kutegemewa. Kwa hiyo kabla hujaandika neno lolote, namba zimeshaanza kueleza tabia ya silaha.

Watungaji wengi huishia hapo. Wanachukua upanga, wanauongezea 1 katika shabaha, wanaupa jina la kutisha. Nyongeza hiyo, kwa dadu ya nyuso 20 inayoamua kama umempata adui, ni sawa na asilimia 5 tu. Haikumbukwi na mtu baada ya mchezo. Kinachokumbukwa ni maneno.

2. Jina na ukubwa wake

Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya silaha: upanga, jambia, sime, mkuki, upinde, mshale, rungu, shoka, kombeo, ngao. Neno fumo lina maana mbili za zamani, mkuki na mtawala, na jina la Fumo Liyongo wa pwani linabeba uzito huo.

Kiswahili pia kinapima ukubwa ndani ya jina. Kisu kikikuzwa huwa jisu, kikidunishwa huwa kijisu. Upanga ukipoteza u- huwa panga. Shoka likipewa ki- huwa kishoka. Katika Kiswahili chetu cha Goma tuna pia ka- na tu-: kashoka kamoja, tushoka tuwili. Msikilizaji hupokea ukubwa huo kabla ya kuona dadu. Ukimpa mchezaji kijisu chenye dadu ya nyuso 12, ama umekosea, ama umemfichia siri. Ikiwa ni siri, uwe umekusudia.

3. Tatizo la a- na tatizo la u-

Tusome sasa kanuni niliyoiandika mwaka jana:

Mlinzi akimpiga mchawi, atapoteza pointi 3.

Nani atapoteza? Mlinzi na mchawi wote wako katika ngeli ya watu, na kiambishi a- kinaweza kumrejelea yeyote kati yao. Mimi nilimkusudia mlinzi, kama gharama ya kutumia silaha. Mwenye silaha alisoma kwamba ni mchawi. Tulibishana karibu nusu saa, na wote wawili tulikuwa sahihi kisarufi.

Dawa yake inaonekana rahisi: mwite mchezaji wewe. «Ukimpiga mchawi, utapoteza pointi 3.» Sasa u- ni mchezaji na a- ni adui. Lakini tazama linalofuata:

Upanga huu una sumu. Ukianguka majini, sumu itatoka.

Nani akianguka, wewe au upanga? Nafsi ya pili umoja ina kiambishi u-, na upanga nao una u-. Hali ni hiyo hiyo kwa upinde, mkuki na mshale. Silaha nyingi za Kiswahili ziko katika ngeli zinazogongana na mchezaji mwenyewe. Shoka halina shida hiyo (likianguka), wala kisu (kikianguka), wala ngao (ikianguka).

Kuna mtego wa tatu. Sentensi za kanuni hupenda hu- ya mazoea: «hupoteza pointi 3, hulala, huamka.» Kiambishi hicho hufuta nafsi kabisa. Usipomtaja mtenda kwa jina, kanuni inabaki bila mtu.

4. Meza inavyojibu

Nilipoyaleta matatizo haya mezani, wenzangu hawakuyaona. Nilianza kuwasikiliza wanavyosema. Hakuna aliyesema «ukianguka majini». Walisema: «Kama ile upanga inaanguka mu maji.» Mahali pa sumu walisema: «Ile sumu inatokaka.»

Mtu wa sarufi sanifu angesahihisha mara mbili. Lakini tuangalie kazi inayofanyika. Kiswahili chetu cha mazungumzo mara nyingi huvipa vitu visivyo hai upatanisho wa i-: ile upanga inaanguka, ile mukuki inavunjika. Matokeo yake ni kwamba mchezaji ni u-, adui ni a-, silaha ni i-, wala haigongani na mtu. Na pale ambapo sanifu hutumia hu- isiyo na nafsi, sisi tunaweka -ka mwishoni na kuhifadhi nafsi mwanzoni: anapotezaka, unapotezaka, inatokaka. Kila mmoja anajulikana.

Sisemi kwamba tuache sanifu; makala haya yenyewe nimeyaandika kwa sanifu. Nasema kwamba lugha tunayoiita ya barabarani imetatua utata ambao sanifu inauacha wazi, na mwanafunzi wa lugha za Kiafrika angepaswa kuona hilo kabla ya kuchukua kalamu nyekundu.

5. Tendo, sharti, gharama

Baada ya jina na viambishi, tunahitaji maudhui. Hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alirekodi kutoka kwa msimulizi Shé-Kárisi Rureke hadithi ya Mwindo, ya Wanyanga, watu wa Walikale katika mkoa wetu huu. Mwaka 1969 aliichapisha pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga. Mwindo anazaliwa akiwa ameshika conga, fimbo ya utawala yenye mkia wa mnyama, ambayo kwa Kiswahili tungeilinganisha na usinga au mgwisho.

Tazama silaha hiyo inavyofanya kazi. Kuzimu, Mwindo anampiga Muisa kwa conga mpaka anamlaza, kisha anamwamsha kwa conga hiyo hiyo. Kijiji cha Tubondo kinateketezwa kwa radi, baadaye Mwindo anawafufua watu wake kwa conga. Akicheza kamari na Sheburungu anapoteza mali yote, na anapoiweka conga kuwa dau, anarudisha kila kitu. Lakini uwezo wake una mpaka. Alipomuua zimwi Kirimu, rafiki wa Nkuba mwenye radi, Nkuba alimchukua mbinguni akamtesa huko kwa baridi na jua, kisha akamrudisha na makatazo.

Tendo ni kupiga na kuamsha. Sharti ni nani anayeshika. Gharama ni kujibu kwa walio juu yako. Pwani nako Liyongo anatupa upande wa pili, yaani udhaifu: silaha nyingine zote hazimwezi, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Hakuna kati ya hizi iliyo na «nyongeza ya 3». Kila moja ina sentensi ambayo mtoto anaweza kuirudia.

Hadithi hizi zinatufundisha jambo moja zaidi la sarufi. Silaha inayotenda yenyewe inaweza kuvuka ngeli. Kama vile sungura wa ngano husema na kupatanishwa kwa a-, msimulizi anaweza kusema «usinga umelala» siku zote, kisha usiku mmoja akasema «usinga ameamka». Wachezaji watashtuka bila kuelezwa. Tumia mbinu hii mara moja tu. Ukiizoesha, a- ya silaha itaanza kugongana na a- ya adui.

6. Mfano kamili

Hii ndiyo silaha tunayoitumia sasa. Nimechagua ngeli ya ki- kwa makusudi.

Kirungu cha Mrithi. Silaha ya mkono mmoja, dadu ya nyuso 6.
Ukimpiga adui, atapoteza pointi za dadu.
Pointi zake zikifika 0, hatakufa. Atalala.
Kabla jua halijatua unaweza kumgusa tena. Ukimgusa, ataamka na pointi 1, nawe utapoteza pointi 3.
Jua likitua hujamgusa, atakufa, na kirungu kitakuwa kuni tu kwa siku 3.

Hesabu viambishi: u- ni wewe, a- ni adui, zi- ni pointi, li- ni jua, ki- ni kirungu. Hakuna anayeweza kuuliza nani anaumia. Dadu ni ndogo, sawa na ya mkuki wa kawaida, lakini kila pambano linaacha swali mikononi mwa mchezaji mpaka magharibi. Tumecheza nayo mara kadhaa, na mara zote mabishano yalikuwa juu ya lile swali: tumwamshe au tumwache? Hatukubishana tena juu ya sentensi.

7. Neno tuliloliondoa

Silaha yangu ya kwanza kabisa haikuwa kirungu. Niliiita Panga la Giza. Darasani, upanga na panga ni mfano safi wa ukuzaji, nami nilijivunia. Mezani mwenzetu mmoja alisoma karatasi, akaigeuza juu chini, akasema: «Ndugu, hii neno tuitoe.» Hakueleza. Hatukumwuliza.

Panga ni chombo cha shamba, na mama zetu wengi wanalo nyumbani. Katika eneo letu la maziwa makuu neno hilo lina pia kumbukumbu ambazo kamusi haiziandiki. Tangu siku hiyo, kabla ya kuanza hadithi mpya, tunapitisha karatasi tupu na kila mtu anaandika neno asilotaka kulisikia, bila jina wala sababu. Bunduki iliandikwa na zaidi ya mmoja, kwa hiyo ulimwengu wetu hauna bunduki. Haukupungua utamu.

Nilidhani kutunga silaha katika mji huu ni kukimbia, au ni utani mbaya. Sasa naona ni mazoezi. Nje, silaha haitupi nafasi ya kuuliza nani anaumia na nani analipa. Mezani tunaliuliza swali hilo kila mara, na tunaandika jibu kwa sentensi isiyo na utata.

Mazoezi

(a) Sahihisha kanuni hii ili isiwe na utata: «Mlinzi akimrushia mchawi mkuki, ataanguka na kupoteza pointi 4.» Andika kwa sanifu, kisha kwa Kiswahili cha Goma, na ulinganishe viambishi.

(b) Jambia hurushwa mara 2 kwa zamu, upanga mrefu mara 1. Linganisha wastani wake. Kisha mpe adui ngao inayopunguza pointi 2 kwa kila pigo, bila kushuka chini ya 0. Silaha ipi sasa ni bora, na kwa nini?

(c) Mwulize bibi au babu hadithi moja yenye kifaa cha ajabu. Andika tendo lake, sharti lake na gharama yake kwa sentensi tatu, kila mtenda akiwa na kiambishi chake.