Foleni ya Wenyeviti

Kwenye semina ya siasa niliulizwa swali nikakwama: kwa nini mbunge wa Marekani akishazoea kamati moja hataki kuhama? Nikarudi maktaba. Jibu ni foleni. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, uenyekiti wa kamati ulimwendea yule wa chama chenye wabunge wengi aliyekaa muda mrefu zaidi kwenye kamati hiyohiyo. Ukihama, unaanza nyuma kabisa.

Waliofaidi ni wenye majimbo yasiyo na ushindani, hasa Wademokrati wa Kusini. Howard Smith wa Virginia aliingia Baraza la Wawakilishi 1931, akashika Kamati ya Kanuni 1955. Kamati hiyo ndiyo lango la miswada. Mwaka 1957, muswada wa haki za kiraia ulipofika kwake, mzee akaenda zake shambani, eti banda limeungua. Asipoitisha kikao, kazi imelala, na wa kumng'oa hayupo!

Nilidhani mfumo huu ulikufa polepole, wazee wakiondoka mmoja mmoja. Kumbe ni kura. Januari 1975, Wademokrati wapya zaidi ya 70, waliochaguliwa baada ya kashfa ya Watergate, walisaidia kuwaangusha wenyeviti watatu wa chama chao kwa kura ya siri.

Hapo ndipo roho iliniuma kidogo. Mmoja wa watatu hao ni Wright Patman, mbunge tangu 1929, adui wa mabenki makubwa. Oktoba 1972 alitaka kuichunguza Watergate kabla ya wengi, na kamati yake mwenyewe ikamkatalia.