Filta ya Nje na Turbo Iliyokufa: Niliyojifunza Nikidai Waranti

Kilima cha Mazeras ndicho kilichonijulisha kwamba gari langu linaumwa. Nilikuwa nampeleka mamangu Mariakani, na pikapu ambayo siku zote hupanda pale bila kulalamika ikaanza kutweta. Mluzi mwembamba ulitoka chini ya boneti, moshi wa buluu ukaziba kioo cha nyuma, kisha taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Mita ilisoma kilomita 46,212. Waranti yangu ilikuwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, chochote kitakachotangulia, na mwaka wa pili ulikuwa haujaisha.

Siku nne baadaye, gereji ya kampuni iliyoniuzia gari ikanipa jibu kwa mdomo tu, pale kaunta. Turbo imekufa. Kuibadilisha ni shilingi 310,000. Waranti hailipi, kwa sababu "umeweka filta ya nje".

Filta yenyewe ilikuwa ya oili, niliyofungiwa na fundi wangu wa Magongo, hapa Mombasa, gari lilipofika kilomita 40,000, wiki ambayo gereji ya kampuni haikuwa na nafasi. Nilidai haki yangu kwa wiki saba, na haya ndiyo niliyoyapata humo.

1. "Waranti imevunjika" si jibu

Siku ile ya kwanza niliondoka kichwa chini, nikihesabu nitakopa wapi. Kosa langu lilikuwa kukubali kwamba kuwepo kwa filta ya nje kunatosha kuwa sababu. Hakutoshi. Swali la kuuliza ni moja, na ni la kuuliza kwa upole bila kuliachia: filta hii imeiuaje turbo hii?

Niliporudi kwa fundi ndipo nikaelewa kwa nini swali hilo lina uzito. Turbo ya dizeli huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mhimili wake hauelei juu ya kitu kingine ila utando mwembamba wa oili. Filta mbovu kweli inaweza kuiua. Inaweza kuziba na kuinyima injini oili. Karatasi yake inaweza kuchanika na vipande vyake vikaingia kwenye njia za oili. Inaweza pia kupitisha uchafu ambao ilipaswa kuuzuia. Lakini kila moja ya njia hizo huacha alama. Mhimili ulionyimwa oili huungua na kubadilika rangi. Uchafu huchora mikwaruzo kwenye bushi zake, na chembe za chuma huonekana ndani ya oili. "Kama filta ndiyo muuaji," fundi aliniambia, "basi Mwalimu, waambie wakuonyeshe kidonda."

Tangu siku hiyo sikubishana tena na mtu yeyote kuhusu filta. Nilitaka nionyeshwe kidonda.

2. Toka kaunta, ingia kwenye karatasi

Yule kijana wa kaunta hakuwa adui yangu. Hakuwa na mamlaka ya kubadilisha chochote, na mimi nilipoteza asubuhi mbili nzima nikimpigia kelele mtu asiyeweza kunisaidia. Asubuhi ya tatu nilipeleka barua ya ukurasa mmoja, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Niliomba mambo manne: kifungu cha kitabu cha waranti wanachokitegemea, ripoti ya maandishi ya chanzo cha kuharibika, turbo na filta zisitupwe wala zisifunguliwe bila mimi kuwepo, na jina na cheo cha aliyeamua.

Jibu la mdomo lilikuwa limetoka kwa siku nne. La maandishi lilichukua wiki tatu, na lilipokuja halikusema tena kwamba waranti imevunjika. Lilisema madai "yanachunguzwa". Neno hilo moja lilikuwa hatua kubwa.

3. Filta ifunguliwe mbele yako

Hili nataka kulieleza taratibu, kwa sababu ndilo lililoamua kesi.

Tulisimama watu wanne kwenye meza ya chuma: mimi, fundi wangu ambaye nilimwomba aandamane nami, msimamizi wa gereji, na fundi wao mkuu, mzee mtulivu aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Mzee akaibana filta kwenye jiriwa, akalizungusha kopo kwa kisu cha kukatia mpaka kifuniko kikatoka. Oili nyeusi ikamwagika kwenye trei. Akaivuta karatasi, akaikunjua mkunjo baada ya mkunjo kama mtu anayefungua kinanda cha mkono, akaipitishia sumaku kote. Sumaku ikatoka na weusi wa oili tu. Hakuna chembe hata moja. Karatasi haikuchanika wala haikunywea. Akakibonyeza kwa kidole gumba kipande cha mpira kinachozuia oili isirudi chini injini inapozimwa, nacho kikapinda na kurudi, bado laini.

Hakusema neno. Alimtazama msimamizi wake, akanawa mikono, akaenda kuifungua turbo.

Njia za oili ndani yake zilikuwa safi, na mhimili haukuwa umeungua. Bushi ilikuwa imelika upande mmoja tu, upande mwingine inang'aa kama mpya. Nilipiga picha kila hatua, nikiwa nimeomba ruhusa kwanza.

Kama filta ile ingekuwa imetupwa kwenye pipa la taka, kama zitupwavyo nyingi, ningebaki na neno langu dhidi ya lao. Fundi wangu naye alikuwa na boksi la filta hiyo, lenye namba ya spea, pamoja na risiti ya duka iliyoandikwa tarehe, kilomita na aina ya oili, ileile inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Mimi nisingeviweka. Yeye huviweka kwa kila mteja.

4. "Ya nje" si neno moja

Tunapenda kugawa spea mafungu mawili, jenyuini na feki, na watu wa kaunta wanapenda tuendelee kuamini hivyo. Ukweli una ngazi zaidi. Kuna spea iliyo kwenye boksi lenye nembo ya gari lako. Kuna spea ya kampuni inayoviuzia viwanda vya magari sehemu hizo, lakini safari hii iko kwenye boksi la kampuni hiyo yenyewe. Kuna ya kampuni nyingine inayotengeneza ya kwake, kwa jina lake, nzuri au duni. Halafu kuna feki, inayovaa jina la mwenzake.

Viwanda vya magari havitengenezi kila kitu vyenyewe. Denso, kwa mfano, ilizaliwa ndani ya Toyota na ikajitenga mwaka 1949, na leo sehemu zake zimo kwenye magari ya makampuni mengi. Sehemu za Bosch, Mahle na NGK nazo hivyohivyo. Filta yangu ilikuwa ya ngazi ya pili. Nilipoliweka boksi lake mezani, neno "ya nje" lilipungua nguvu.

Feki ni jambo jingine kabisa, na hapo sina utetezi kwa mtu. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, na pedi ya breki ya uongo inaua watu. Ukinunua Kirinyaga Road, Nairobi, au kokote, dai risiti yenye jina la duka na namba ya spea. Duka lisilotaka kuandika namba limekwisha kukwambia linauza nini.

5. Sheria iko, ijue kabla hujaihitaji

Binti ya shangazi yangu anaishi Minneapolis, na yeye ndiye aliyenieleza kwamba Marekani jambo hili walilitungia sheria tangu 1975, Sheria ya Magnuson-Moss. Kampuni haiwezi kumwambia mnunuzi kwamba waranti yake inategemea kutumia spea za jina fulani, isipokuwa impe spea hizo bure au ipate idhini maalumu ya serikali. Inabaki na haki ya kukataa uharibifu ulioletwa na spea ya nje. Afrika Kusini nao, tangu tarehe 1 Julai 2021, wana mwongozo wa Tume ya Ushindani unaomruhusu mwenye gari kuhudumiwa na gereji huru bila kupoteza waranti yote.

Sheria hizo hazifiki Mombasa, na sikuzitumia kama zangu. Nilitumia za kwetu. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Na kuna mahakama ambayo wengi wetu hatuikumbuki: Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambako unaweza kwenda bila wakili, na ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Barua yangu ya pili iliitaja kwa sentensi moja tu. Sikutishia. Niliandika kwamba nitakwenda huko, na nilikuwa nimekwisha kuichukua fomu.

6. Pale nilipokosea, nilikosea

Pikapu hiyohiyo ilikuwa na dai la pili. Taa ya mbele ya kushoto ilikuwa ikizima ovyo, na waya zake zimeyeyuka. Nilikuwa nimeongeza taa mbili za nguvu kwa ajili ya barabara ya shamba, na aliyezifunga, si fundi wangu wa Magongo, alichuna waya za taa za kampuni akaunganisha mlemle, bila rilei na bila fyuzi yake. Waya uliotengenezwa kubeba mzigo wa taa moja ukabebeshwa wa tatu. Hapo kidonda kilionekana kwa macho: plastiki nyeusi, mahali palepale pa kiungo.

Dai hilo walilikataa, na walikuwa sahihi. Nililipa shilingi 27,000 siku hiyohiyo. Naamini kulikubali haraka kulinisaidia kwenye lile la turbo, maana msimamizi aliona kwamba sidai kila kitu, nadai kinachonistahili.

7. Fundi wako naye ana jina la kulinda

Wiki ya saba ikaja barua. Turbo ina kasoro ya bushi, kampuni italipa spea na kazi. Filta ya nje haikutajwa hata mara moja.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Magongo, kwa sababu kwa wiki saba fundi wangu alikuwa akiambiwa, bila kutajwa jina, kwamba mikono yake imeharibu injini ya watu, na wateja wake wawili walikwisha kuniuliza kama ni kweli. Nilimkuta chini ya gari. Alitoka, akajifuta mikono kwa kitambaa, akaisoma barua akiwa amesimama juani, kisha akairudia tangu juu.

"Mwalimu," akasema, "naomba nikaitoe kopi. Kuna mama mmoja wa Jomvu wamemjibu hivihivi wiki iliyopita."