Ziwa la Wote, Wavu wa Mmoja: Haki ya Kumiliki na Hifadhi ya Ziwa Viktoria

Sangara mwenye urefu wa sentimeta 30, akiachwa majini hadi afikie sentimeta 60, uzito wake huongezeka takriban mara nane. Samaki akuapo huongezeka urefu, kimo na unene pamoja; hivyo urefu ukizidishwa kwa 2, uzito huzidishwa kwa 2 × 2 × 2. Amvuaye sangara mchanga basi hupoteza chakula na fedha. Hata hivyo sangara wachanga huvuliwa katika mialo ya Mwanza. Je, wavuvi hawaijui hesabu hii?

Wanaijua. Kasoro imo katika haki ya kumiliki. Ziwa ni mali ya umma, lakini samaki huwa mali ya mtu pale tu anaponaswa. Ichukuliwe kuwa wavuvi 100 wenye uwezo sawa huvua katika ghuba moja. Mmoja wao akimrudisha sangara mchanga majini, hasara ya siku hiyo ni yake peke yake, na hata samaki huyo akija kuvuliwa baadaye, nafasi ya kunaswa na wavu wake ni 1 kati ya 100. Faida ya kuvua ni ya mmoja. Gharama ni ya wote. Mwanabiolojia Garrett Hardin wa Marekani aliieleza hatari hiyo mwaka 1968.

Soko huikuza kasoro hii. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara vilistawi Mwanza, na mahitaji ya Ulaya yakawavuta wavuvi wengi ziwani. Leseni humruhusu mvuvi kuvua leo. Haimwekei fungu la kesho.

Je, dola ikimiliki kila kitu, tatizo huisha? Umoja wa Kisovieti ulimiliki ardhi na maji yote. Lakini tangu miaka ya 1960 maji ya mito iingiayo Bahari ya Arali yalielekezwa kwa wingi kwenye mashamba ya pamba. Bahari hiyo ikakauka kwa sehemu kubwa, na uvuvi ukaanguka. Walioamua hawakuwa walioumia.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2009, alionyesha njia nyingine: mali ya pamoja huweza kudumu iwapo watumiaji wake wanajulikana, wanashiriki kutunga kanuni, na mvunjaji huadhibiwa. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, viitwavyo BMU, vinafuata mwelekeo huo mialoni. Lakini kikundi cha mwalo mmoja kikiyalinda mazalia, samaki wakikua huhama na kuvuliwa na wengine. Tanzania ina takriban asilimia 51 ya ziwa, Uganda 43 na Kenya 6; ndiyo maana nchi hizo tatu ziliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria mwaka 1994.

Jina la mwenye mali, awe mtu binafsi, dola au jamii, halitoshi. Ulinzi hudumu pale alindaye anapokuwa na hakika ya kuvuna.

Zoezi: Rudia hesabu ya ghuba kwa wavuvi 5 badala ya 100. Je, uamuzi wa mvuvi utabadilika? Eleza.